Kukaza na Kulegeza

Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya vipimo walivyofanyiwa wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya. Watafiti, mmoja wao Mkenya Geoffrey Maloiy, waliwatembeza juu ya mashine wakiwa na mizigo, Waluo wamejitwika kichwani na Wakikuyu wamebeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, huku hewa wanayovuta na kutoa ikipimwa. Ikaonekana kwamba mwanamke aliyezoea kubeba anaweza kuchukua mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wake bila mwili wake kudai oksijeni zaidi ya ile anayotumia akitembea mikono mitupu. Makuruta wa jeshi waliobeba uzito wa kiasi hichohicho mgongoni waliongeza matumizi yao kwa asilimia 13. Mwaka 1995 utafiti mwingine ulieleza sababu. Mwanamke huyu anapohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, mwili wake hupanda na kushuka kwa mpangilio mzuri kiasi kwamba nguvu ya mshuko hugharamia sehemu kubwa ya mpando unaofuata.

Mama wa namna hiyo tumepishana naye mara nyingi barabarani: shingo imenyooka, mabega yametulia, mkono mmoja unayumba taratibu ubavuni, na ndoo ya maji kichwani haimwagi hata tone. Tukasema anatembea kwa madaha. Tulimsifu kwa haki, lakini wengi wetu tulidhani yale madaha ni pambo, kitu cha ziada juu ya kazi yenyewe. Nimeandika sura hii kwa sababu naamini madaha ndiyo kazi yenyewe. Uzuri wa mwendo, kwa mkimbiaji na kwa mcheza ngoma, ni dalili ya mwili uliojifunza kutotumia nguvu pasipohitajika. Na kwa kuwa mwili hauwezi kutulia ikiwa akili imevurugika, uzuri huohuo hutuonyesha pia hali ya moyo wa mtu.

Tuanze na misuli. Misuli ya mwanadamu hufanya kazi kwa jozi. Ule wa mbele ya paja unapovuta ili goti linyooke, ule wa nyuma yake sharti uachie. Mkimbiaji mwenye hofu, au aliyechoka akaanza kupigana na uchovu wake, huikaza yote miwili kwa pamoja. Hapo anakuwa kama dereva anayekanyaga mafuta huku breki ya mkono haijaachiwa: gari linakwenda, lakini mafuta yanaliwa bure. Ndiyo maana kocha mzoefu akisimama kando ya uwanja hatazami miguu peke yake. Anatazama mabega kama yameanza kupanda kuelekea masikioni, vidole kama vimefungwa ngumi, taya kama limebana. Kila msuli uliokazwa pasipo na kazi unavuta oksijeni ambayo miguu ingeitumia.

Kuna kiungo kingine kinachofaidi utulivu huu, nacho ni ukano mnene wa nyuma ya kisigino. Mguu unapokanyaga chini, ukano huu hunyumbuka na kuhifadhi nguvu, kisha huirudisha mguu unapoinuka. Nguvu hiyo ni ya bure, mradi mtu akanyage kwa mdundo unaoendana nayo. Akichelewa chini, inapotea. Ukitaka kuona ukano huu ukifanya kazi peupe, watazame morani wa Kimaasai wakiruka katika ngoma yao ya adumu. Mgongo umenyooka, mikono imeshuka ubavuni, kisigino hakitui chini, na mruko mmoja unazaa mwingine. Kijana anayejaribu kuruka kwa kukunja sana magoti na kurusha mikono atachoka mapema, na wenzake watamwona kabla hajajiona.

Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, amelifundisha jambo hili la kulegeza kwa uso wake. Katika kilomita za mwisho za marathoni, wenzake wanapokunja nyuso, yeye hutabasamu, na ameeleza mara kadhaa kwamba hufanya hivyo makusudi ili kuyapunguza maumivu. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Ulster na Swansea walichapisha jaribio walilofanya kwa wakimbiaji 24, wakiwataka wakimbie vipindi vifupi mara wakitabasamu, mara wakikunja uso, mara wakiilegeza mikono. Walipotabasamu walitumia oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 2 kuliko walipokunja uso. Ni tofauti ndogo kwa anayekimbilia daladala. Kwa mtu anayekimbia kilomita 42 sambamba na wenye uwezo kama wake, tofauti ya aina hiyo si ndogo hata kidogo.

Tarehe 27 Septemba 2015, katika marathoni ya Berlin, soli za ndani za viatu vyote viwili vya Kipchoge zilichomoka zikawa zinapepea nje ya visigino. Hakusimama kuzirekebisha. Kusimama kungemkatia mdundo, na mdundo ukikatika kwa kasi ile ni vigumu kuurudisha. Alikimbia sehemu kubwa ya mbio akiwa hivyo, mguu ukachubuka na kutoka damu, akashinda kwa saa 2 na dakika 4 kamili. Nenda katazame picha za mbio zile, kisha ufunike miguu kwa kiganja na uangalie kuanzia kiunoni kwenda juu. Huwezi kujua kwamba kuna tatizo. Kichwa hakiyumbi, mikono inapita chini ya kifua kama siku zote, vidole vimejikunja kidogo tu. Alilijua jambo moja linalowashinda wengi, kwamba maumivu ya mguu si lazima yaruhusiwe kupanda hadi mabegani.

Utulivu huo haukuzaliwa siku ya mashindano. Kambi yake iko Kaptagat, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wanariadha huishi pale juma zima na kurudi kwa familia zao mwishoni mwa juma. Wanafagia wenyewe, wanasafisha vyoo wenyewe, bingwa wa Olimpiki na kijana aliyeingia juzi wote sawa. Kipchoge ameandika mazoezi yake kwenye madaftari kwa miaka mingi, na daima amesisitiza kwamba mazoezini hajikamui hadi tone la mwisho. Kocha wake, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, si mtu wa makelele. Ukiwa mgeni pale huenda usione chochote cha ajabu: ugali, chai, mboga, usingizi wa mchana, na mbio ndefu asubuhi kabla jua halijakolea. Mimi naona huo ndio ufundi wenyewe. Siku inapokuwa na mpangilio usiobadilika, akili haipotezi nguvu kuamua mambo madogo, na mwili haushangazwi na chochote.

Kwa mpangilio huo Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, kwani alisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkinga upepo na kumshikia kasi. Hilo halinisumbui. Ninachokikumbuka ni mita za mwisho, wasindikizaji walipompisha naye akabaki peke yake mbele, akiwanyooshea watu vidole, akicheka.

Watanzania nao wana darasa lao. Tarehe 2 Februari 1974, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola katika mbio za mita 1,500. Desturi ya mbio hizo ilikuwa kujificha nyuma ya wenzako, kuuacha upepo uwapige wao, kisha kuchomoka mzunguko wa mwisho. Bayi aliikataa desturi hiyo. Akawaacha wenzake mita nyingi nyuma, na walipoanza kumkaribia kwenye mzunguko wa mwisho, hakuvunjika. John Walker, kijana wa nchi mwenyeji, alimfukuza huku uwanja mzima ukimshangilia, lakini Bayi akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker naye, aliyekuwa wa pili, alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mkimbiaji anayeongoza hawaoni adui zake, anawasikia tu. Kila hatua ya nyuma humshawishi akaze shingo, ageuke, aharakishe kabla ya wakati. Nguvu ya moyo kwa Bayi siku ile ilikuwa ni kuzisikia hatua zile na kuendelea na mwendo wake mwenyewe.

Sasa nigeukie ngoma, kwa sababu vitabu vya michezo huiacha ngoma mlangoni, nami naona huo ni upungufu mkubwa. Chukua bugobogobo ya Wasukuma. Ni ngoma ya jembe, iliyozaliwa shambani, ambako watu walilima kwa pamoja kwa kufuata mdundo. Mchezaji huingia na jembe la mpini mkononi. Anainama mgongo ukiwa bapa, magoti yamelegea, miguu inapiga chini kwa kasi, na mkononi jembe linazunguka. Linarushwa, linageuka hewani, chuma chake kinapita karibu na kichwa, linadakwa kwa mpini bila mdundo kukosewa. Angalia mkono wake unapodaka. Hauwi mgumu. Unashuka pamoja na jembe kidogo, ukiupokea uzito wake, kisha unaurudisha juu kwenye mzunguko unaofuata. Ni hesabu ileile ya mama mwenye ndoo na ya ukano wa kisigino: uzito unaoshuka usizuiwe kwa ghafla, utumike. Mchezaji akiliogopa jembe, ataukaza mkono, na jembe litamponyoka au litamwumiza. Hapo mafunzo ya mwili na mafunzo ya moyo hayatenganishiki.

Wapiga ngoma wa Burundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, huingia uwanjani wamejitwika ngoma nzito za magogo vichwani, na huku wanatembea wanazipiga. Wakishazishusha, huzipanga nusu duara, na mmoja baada ya mwingine hutoka mbele kucheza na kuruka juu sana kisha kurudi kwenye ngoma yake. Mtu anayeruka hivyo mapigo yake ya moyo yamepanda sana. Lakini anaporudi kushika vijiti sharti mikono isitetemeke, kwa sababu mdundo ni wa kundi zima na akichelewa atawaharibia wote. Kuushusha mchemko wa mwili ndani ya pumzi chache ni uwezo ambao makocha wa riadha hulipwa kuufundisha.

Na katika kisiwa cha Lamu kuna kirumbizi, mchezo wa fimbo. Wawili huingia kati, zumari na ngoma vikilia, watu wamewazunguka. Ni ngoma na ni mapambano. Anayetawaliwa na hasira hukaza mkono, na mkono uliokazwa husaliti mapema mahali unapotaka kupiga. Mchezaji hodari husogea kwa maringo, macho kwa mwenzake, mkono mwepesi hadi sekunde fimbo inapogonga fimbo. Wazee wa pwani humpenda kijana anayejua kuirudisha fimbo kuliko anayejua kuipiga, nami nakubaliana nao.

Ubongo nao hubadilika kwa mazoezi. Mwaka 2013 watafiti wa Imperial College mjini London waliwapima wanawake 29 wanaocheza baleti na kuwalinganisha na wanawake 20 wapiga makasia wa umri na siha inayofanana. Waliwazungusha kwenye kiti gizani, wakapima kizunguzungu chao kinadumu muda gani. Wacheza baleti walitulia mapema zaidi, na picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu inayopokea taarifa kutoka kwenye viungo vya usawa vya sikio ilikuwa ndogo zaidi kwao. Miaka ya kujizungusha ilikuwa imeufundisha ubongo kuzipuuza taarifa zisizofaa. Wengi husema fulani kazaliwa na kipaji, mwili wake mwepesi. Sikatai kwamba watu huzaliwa tofauti. Lakini sehemu kubwa ya tunachokiita kipaji ni ubongo uliofundishwa kwa saa nyingi nini cha kusikiliza na nini cha kuacha kipite.

Mafunzo hayo yanaweza pia kutoweka ghafla. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani ambaye sakafuni hucheza na kuruka kwa wakati mmoja, alipofika kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alipoteza hisia ya mwili wake ukiwa hewani. Hakujua yuko juu au chini. Alijitoa kwenye fainali ya timu, na watu wengi waliokaa kwenye makochi yao wakamwita mwoga. Mtu anayegeuka mara mbili hewani bila kujua ardhi iko wapi anaweza kuvunja shingo. Alirudi siku chache baadaye kwenye boriti akapata shaba, na mwaka 2024 mjini Paris akachukua dhahabu tatu na fedha moja. Kwa maoni yangu, kujitoa kule kulihitaji moyo mgumu kuliko kuruka.

Nalisema hili kwa sababu sisi tuna mfano mkubwa unaosimuliwa nusu. John Stephen Akhwari, Mtanzania mzaliwa wa Mbulu, alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, akaumia vibaya goti na bega. Mji ule uko juu zaidi ya mita 2,200. Akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu 75 walianza, 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio na si kuzianza tu. Dunia nzima inalijua jibu hilo. Kinachosahauliwa ni kwamba miaka miwili baadaye, katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde chache. Alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu, mwenye mwili uliofundishwa, na kumweka kwenye kumbukumbu kama mtu aliyechechemea tu ni kumpunja.

Lipo kosa jingine, zito zaidi. Kisa cha Akhwari hutumiwa kuwaambia vijana kwamba mwenye nguvu hasimami kamwe. Kipchoge mwenyewe, akiwa bingwa mara mbili wa Olimpiki, alijitoa kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 baada ya kupita kilomita 30, mgongo ukimuuma. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia moyo wake umelegea. Kujua maumivu yapi ni ya kazi na yapi ni ya kuumia ni elimu, na elimu hiyo haipatikani kwa kupigiwa kelele.

Faith Kipyegon, Mkenya wa mbio za mita 1,500, ndiye ninayemwona ameikamilisha elimu hiyo katika kizazi hiki. Baada ya dhahabu ya Rio 2016 alijifungua mtoto mwaka 2018, akarudi, akashinda tena Tokyo na tena Paris, mwanamke wa kwanza kutwaa mita 1,500 mara tatu kwenye Olimpiki. Tarehe 26 Juni 2025 alijaribu mjini Paris kukimbia maili moja chini ya dakika 4, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulikaribia. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6.42, akaanguka chini kwa uchovu mbele ya kamera za dunia. Mwingine angejificha mwezi mzima. Siku tisa baadaye, mjini Eugene, alivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68. Mtazame kwenye mita 200 za mwisho za mbio hizo. Kiwiliwili kimesimama wima, kichwa kimetulia, na miguu inafanya kazi chini yake.

Elimu ya mwili hufundishwa pia kwa ngoma. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kimefundisha ngoma, sarakasi na maigizo kwa miongo zaidi ya minne, na wahitimu wake wamecheza mbele ya mataifa. Ningependa kuona makocha wa riadha wakienda kusoma huko kwa muda, na walimu wa ngoma wakikaribishwa kambini. Wana mengi ya kubadilishana kuhusu mdundo, pumzi na namna ya kutua.

Na wewe mwalimu wa michezo, au mzazi unayesimama kando ya uwanja siku ya mashindano ya shule, nakuomba jambo moja. Mtoto anapoanza kuchoka, usimpigie kelele za "Kaza! Kaza!" na usishike fimbo. Mwambie ashushe mabega, afungue vidole na atoe pumzi. Halafu wiki ijayo mpeleke akacheze ngoma.